Njia ya Msafara Haikuwa Barabara: Bagamoyo, Ujiji na Reli Iliyopita Kando

Treni ya umeme ikishaiacha Kilosa na kuanza kuingia kwenye mahandaki, watu behewani huanza kusogelea madirisha. Safari yangu ya mwisho kwenda Dodoma, mzee mmoja alimwonyesha mjukuu wake bonde la Mkondoa akamwambia, "Hapa ndipo walipopitishwa watumwa, babu. Reli hii imelala juu ya njia yao." Mtoto akauliza, "Walipita hapa hapa?" Mama wa kiti cha nyuma akadakia kwamba hapana, watumwa walipita Bagamoyo, na Bagamoyo haina reli. Kijana mmoja akasema mnahangaika bure, anayetaka kuijua njia yenyewe afuate miembe. Tulishuka Dodoma wakiwa bado wanabishana.

Tangu SGR, reli mpya ya treni za umeme, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma mwezi uliofuata, mabishano ya namna hii nimeyasikia mara nyingi. Treni inapita sehemu zenye majina mazito, watu wanayakumbuka nusunusu kutoka darasa la nne au kwa wazee wao, na kila mtu anaunganisha anavyojua. Swali la yule mtoto limenikaa kichwani. Walipita hapa hapa? Kulijibu sawasawa kunataka kwanza tukubaliane "njia" ilikuwa kitu gani.

Kijia cha upana wa nyayo

Tukisikia "njia ya msafara" wengi tunapata picha ya barabara ya vumbi, pana, yenye mwanzo na mwisho. Haikuwa hivyo. Fikiria uwanja wa shule ya msingi ambao watoto wanaukatisha kwenda dukani. Hakuna aliyechora kijia, miguu ndiyo iliyokichora. Mvua ikinyesha na dimbwi likituama katikati, baada ya siku mbili kijia cha pili kinatokea pembeni. Dimbwi likikauka, wengine wanarudi kwenye kile cha kwanza na wengine wanabaki kwenye kipya. Sasa chukua uwanja huo uunyooshe kwa kilomita kama 1,200, kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Watu walitembea mmoja nyuma ya mwenzake, kwa hiyo kijia hakikuhitaji upana zaidi ya nyayo.

Ile tunayoiita njia ya kati, basi, lilikuwa fungu la vijia. Upande wa pwani vilianzia sehemu kadhaa za Mrima zinazotazamana na Unguja: Bagamoyo, Kaole jirani yake, Saadani kaskazini, Mbwamaji kusini. Vikakutana kwenye milima ya Usagara, vikaachana, vikakutana tena Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha vikaenda Ujiji. Kulikuwa na njia nyingine kubwa mbili ambazo watu huzichanganya na hii. Ya kusini ilitoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa. Ya kaskazini ilipanda kutoka Pangani na Tanga kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Kila moja ilikuwa na bidhaa zake, watu wake na majonzi yake, na ukizichanganya hutaelewa hata moja.

Msafara ulikuwa kundi la watu wanaotembea pamoja kwa usalama na kwa biashara, kuanzia makumi hadi zaidi ya elfu moja. Mbele alitangulia kirongozi, ndiye mjuzi wa njia. Nyuma yake walifuata wapagazi na mizigo yao, na wanyapara wakisimamia. Baragumu lilipigwa alfajiri, watu wakaondoka kukiwa bado na ubaridi, na kabla jua halijawa la utosi walikuwa wameshapiga kambi. Siku ya kawaida walikwenda kilomita 15 hivi. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, jina la zamani la Tabora, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Misafara ya wenyeji ilikwenda upesi zaidi, maana wao hawakuwa na masanduku ya vyombo vya kupimia nyota.

Vitu vitatu vilivyoamua njia ipite wapi

Dereva wa basi la Dar es Salaam hadi Mwanza anajua atajaza mafuta wapi, abiria watakula wapi na mzani uko wapi. Kirongozi naye alikuwa na ramani ya namna hiyo kichwani: maji, chakula, ruhusa. Kimojawapo kikikosekana, njia ilihama.

Maji ndiyo yaliyokuwa na nguvu kuliko vyote. Ukitoka Mpwapwa kuelekea Ugogo kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Kwa Kigogo malenga ni maji, kwa hiyo jina lenyewe linakuonya: maji makali, ya chumvichumvi. Mbele zaidi, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilikuwepo Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba, na shamba lile lilikuwa kali kwa jua na kwa vichaka visivyo na mtu. Leo ukivuka Manyoni na Itigi kuelekea Tura uko ndani yake, ila unapita umekaa kitini.

Nyika kama hiyo ilivukwa kwa mbinu ambayo Burton aliandika jina lake kama walivyolitamka wapagazi: tirikeza. Badala ya kuondoka alfajiri, mnaondoka adhuhuri. Mnapika na kula asubuhi karibu na maji, kila mtu anakunywa mpaka anashindwa, kibuyu kinajazwa na kuzibwa kwa majani. Jua likiwa katikati mnaanza kutembea, mnakwenda mpaka giza, mnalala pasipo na maji kabisa. Alfajiri mnaamka na kukaza mwendo mpaka kisima cha upande wa pili. Kwa hesabu hiyo nyika ya siku mbili mnaivuka kwa kulala kiu usiku mmoja tu. Mimi naiona hii kuwa elimu kamili, iliyopimwa kwa miili ya watu, na inanisikitisha kwamba vitabu vingi vya shule vinamtaja Burton na kumwacha aliyemfundisha kutembea.

Chakula kilifuata. Watu mia nane hawawezi kubeba unga wa miezi mitatu na bado wakabeba bidhaa. Walinunua njiani, na kila mpagazi alipewa posho yake, kibaba cha nafaka kwa siku. Neno hilo tumebaki nalo. Leo posho ni fedha ya safari ya mtumishi, Uganda ni ugali wenyewe, na Kenya kinu cha kusaga mahindi kinaitwa kwa jina hilo hilo. Mpwapwa ilikua kwa sababu ilikuwa pa mwisho kununua nafaka kabla ya Marenga Mkali kwa anayepanda, na pa kwanza kupumua kwa anayeshuka.

Ruhusa ndiyo iliyowaudhi wageni. Kila mtemi wa Ugogo alidai hongo kabla msafara haujapita, na alilipwa kwa nguo, shanga au nyaya za shaba. Leo hongo ni rushwa, neno la aibu, ndiyo maana tukisoma kwamba "Wagogo walidai hongo" tunawaona kama majambazi wa njiani. Kumbe wakati ule ulikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa hadharani, mara nyingine kwa siku kadhaa. Hebu tazama kwa jicho la mwenyeji: nchi kame, visima vimechimbwa kwa mikono na vinaingiwa na watu kwa zamu, mvua haieleweki. Linakuja kundi la watu elfu moja na punda wao, wanakunywa kisima kizima asubuhi moja na kuwaachia tope ng'ombe wako. Kudai malipo hapo kulikuwa haki kabisa, na Wagogo walikuwa wakiwalipisha watu maji yao na majani yao. Tunavyolipa leo ushuru wa mzigo sokoni hakuna anayetuona wajinga.

Ruhusa ikikosekana? Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya magharibi kuelekea Ujiji ikafungwa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, alikwama Kwihara, jirani na Tabora, kwa miezi. Mwishowe Septemba akazunguka kusini, akapita mbali na njia iliyozoeleka, akatokea Ujiji mwishoni mwa mwaka. Msafara maarufu kuliko yote haukupita kwenye njia tunayoichora ramanini. Nadhani mfano huo peke yake unatosha kuonyesha fungu la vijia lilivyofanya kazi.

Mzigo ulibebwa na nani

Kwa nini watu, na si ng'ombe au punda? Jibu ni mbung'o. Ugonjwa wa ndorobo unaoenezwa na mdudu huyo uliua wanyama wa kazi kwenye sehemu kubwa ya njia. Wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa miaka ya 1876 na 1877, ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 Wabelgiji walileta tembo wanne waliofugwa kutoka India, wakawashusha ghuba ya Msasani, pale pale ambapo leo watu wanakwenda kula samaki jioni. Kati ya wale wanne ni mmoja tu aliyefika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na hakuishi muda mrefu. Basi kikabaki kichwa na bega la binadamu.

Hapa ndipo pana imani iliyoshika mizizi kuliko zote: kwamba pembe za ndovu zilibebwa na watumwa waliofungwa minyororo, na wakifika pwani waliuzwa wao na pembe zao. Nataka niende taratibu hapa, kwa sababu kosa la upande wowote ni kosa dhidi ya watu walioteseka.

Kwenye njia ya kati, wabebaji wengi wa pembe walikuwa wapagazi wa ujira. Wanyamwezi walikwishafika pwani na misafara yao wenyewe mapema katika karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hawajajenga makazi Unyanyembe. Kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kijana kuwa mtu mzima. Waliondoka baada ya mavuno, wakapanga warudi mvua za kupandia zikikaribia, na wanawake pia walikuwemo. Walilipwa kwa nguo na baadaye kwa dola za fedha, sehemu ikitangulizwa kabla ya kuondoka. Walijua kugoma. Mzigo ukizidi au posho ikipungua, waliketi chini, na mwenye msafara alibaki akiitazama mali yake porini.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, kilo 30 na zaidi. Tazama ulivyofungwa. Majora ya nguo yaliviringishwa na kushindiliwa mpaka yakawa magumu kama gogo, yakakazwa kwa kamba, kisha yakawekwa ndani ya vijiti vitatu virefu vyenye umbo la panda. Vijiti hivyo havikuwa urembo. Mpagazi akitaka kupumua hakutua mzigo ardhini, kwenye unyevu na mchwa, kisha ahitaji mtu wa kumtwika tena. Aliusimamisha kwenye mti kwa vijiti vyake, akapumua, akaingiza bega chini yake na kuondoka. Nyaya zilining'inizwa ncha mbili za mti mmoja zikipimana uzito. Pembe kubwa ilibebwa na mtu mwenye nguvu kuliko wote, na kwenye ncha yake kulifungwa kengele, ikilia kila hatua. Nguo yenyewe nyingi ilikuwa ya pamba kutoka viwanda vya Marekani, ikiletwa Unguja na meli za Salem, na ndiyo maana mpaka leo tunaita kitambaa kile amerikani. Ilipimwa kwa shuka na doti, na mama anayenunua khanga doti moja leo anatumia kipimo cha msafara.

Sasa upande wa pili. Utumwa ulikuwepo kwenye njia hii, na ulikuwa wa kweli na wa kikatili. Watu walikamatwa hasa ng'ambo ya ziwa, Manyema, wakavushwa hadi Ujiji na kuletwa Tabora. Wengi walibaki huko huko bara, mashambani na majumbani. Hata nyumba za Kinyamwezi zilinunua watumwa kwa mapato ya pembe, wakalime wakati vijana wako safarini. Wengine walishushwa hadi pwani. Lakini katika miaka ya biashara kubwa, watumwa wengi waliofikishwa soko la Unguja walitokea njia ya kusini, Kilwa, mpaka mkataba wa Juni 1873 ulipofunga soko lile na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Tukiyamwaga machozi yote Bagamoyo tunaisahau Kilwa Kivinje, na watu wa Ziwa Nyasa waliopita pale wanastahili kukumbukwa pale.

Kuna mtu mmoja aliyeyaishi maisha yote mawili. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alikamatwa utotoni, akauzwa mpaka India, akawa huru na kurudi Unguja. Akawaongoza Burton na Speke, akaenda na Speke tena hadi mto Nile unapoanzia, akawa na Stanley 1871, kisha akavuka bara zima na Mwingereza Verney Lovett Cameron. Ukimwita mtumwa umemkosea, ukimwita mpagazi tu umempunguza.

Bagamoyo, na moyo uliobwagwa

Karibu kila anayetembelea Bagamoyo huambiwa kwamba jina linatokana na "bwaga moyo": mtumwa akifika pale anauacha moyo wake, maana mbele ni bahari na harudi tena. Ni maelezo yanayouma, na sishangai yameenea. Ila yapo maelezo mengine ya maneno hayo hayo. Kwa Kiswahili tunabwaga mzigo, tunabwaga zigo la mawazo. Kubwaga moyo ni kuupumzisha. Kwa mpagazi aliyetembea miezi mitatu, Bagamoyo ndipo mzigo ulipotuliwa kwa mara ya mwisho, ujira ukalipwa, ngoma zikapigwa usiku kucha. Watu wa namna hiyo waliujaza mji kwa maelfu kila msimu. Mimi naegemea maelezo ya wapagazi, kwa sababu ndio waliokuwa wengi na ndio waliokuwa wakilitaja jina wakiwa njiani. Hata hivyo sarufi peke yake haiwezi kumnyima mtu wa uchungu haki ya kulisikia jina kwa uchungu.

Mwili wa Livingstone nao ulipumzishwa hapo. Aliaga dunia 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliukausha na kuubeba kwa miezi tisa hivi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, ukalazwa kwenye mnara wa kanisa la misheni iliyoanzishwa 1868. Huo mnara bado upo, na hiyo ni alama ambayo haina ubishi.

Reli ilitafuta kitu kingine

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, jumla ya kilomita 1,252. Ukiangalia ramani kwa mbali unaona inafanana na njia ya misafara. Ukisogea karibu unaona inaikwepa karibu kila pahali palipokuwa muhimu.

Sababu ni rahisi. Mtu huhitaji maji ya kunywa kila siku na anaweza kupanda kilima. Treni ya makaa na kuni inahitaji maji pia, lakini inachoogopa zaidi ni mwinuko mkali. Na meli kubwa huhitaji kina. Bagamoyo ni ufuko wa mchanga wenye maji mafupi: jahazi linakaa vizuri, meli ya chuma inabaki mbali. Dar es Salaam ina bandari ya asili yenye kina, na makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalikwishahamishiwa huko tangu 1891. Bagamoyo ikaachwa.

Bara ikawa vivyo hivyo. Reli ilishika bonde la Mkondoa na Kinyasungwe kwa sababu mto ulikwishatafuta mteremko laini kwa niaba yake, ikapita Gulwe na kuiacha Mpwapwa pembeni. Mamboya ikaachwa milimani. Kilimatinde, kambi kubwa ya ukingoni mwa Ugogo, ikaachwa na Manyoni ikapewa stesheni. Tabora pekee ndiyo iliyobahatika kubaki fundo la njia zote mbili.

Kwa hiyo babu wa kwenye treni alikuwa sahihi kwa bonde lile alilolionyesha. Burton na Speke walilipita 1857, na Stanley 1871 baada ya kuteseka na tope la masika kwenye tambarare ya Mkata. Pale reli na kijia vilishikana mikono. Lakini hata pale kuna tofauti moja kubwa: msafara ukikuta Mkondoa imefurika uliweza kupanda kupitia Mamboya. Reli haihami. Ndiyo maana kipande cha Kilosa hadi Gulwe cha reli ya zamani kimesombwa na mafuriko mara nyingi, na ndiyo maana sisi wa SGR tunapita gizani ndani ya mlima.

Wapagazi nao hawakutoweka siku treni ya kwanza ilipofika Kigoma. Miezi michache baadaye vita ya dunia ikaanza, na Waingereza wakawakusanya mamia ya maelfu ya wabeba mizigo wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Walipopiga kambi Dar es Salaam watu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, na pale pakawa Kariakoo. Ndiyo alama kubwa kuliko zote ya historia ya mpagazi nchini, na tunapita humo kila siku tukitafuta viatu.

Na miembe je?

Kijana wa miembe alikuwa na hoja. Mwembe haukuota wenyewe Tabora. Uliletwa na watu wa pwani, na ukiona miembe mikongwe sana imekusanyika porini, uliza kama kulikuwa na makazi au kambi. Hadithi kwamba watumwa walitupa kokwa njia nzima ikaota mistari inanipa shida. Kokwa iliyotupwa nyikani bila maji haifiki mbali. Miembe ilipandwa na waliokaa, kivulini mwa tembe zao, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, na mingine ilipandwa baadaye kabisa na serikali za kikoloni kando ya barabara za miji. Mwembe unakwambia hapa mtu alikaa. Lini na nani, yakupasa uulize zaidi.

Mimi nikifika mahali panaposemekana palipitiwa na msafara, huuliza kwanza maji yalikuwa wapi. Kama hakuna kisima, kijito wala kumbukumbu ya bwawa, naanza kutilia shaka. Kisha nauliza jina la pahali kwa lugha ya wenyeji lina maana gani. Kisha nani alitawala hapo. Morogoro, kwa mfano, watu wanaijua kwa milima na stesheni, lakini misafara iliijua kama mji wenye ngome wa Kisabengo, na baada yake binti yake Simbamwene, mwanamke aliyetawala na kutoza ushuru wapita njia. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tembe walimokaa Livingstone na Stanley imehifadhiwa: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati. Ukiingia saa nane mchana unahisi ubaridi na unaelewa mara moja kwa nini watu walikaa humo miezi wakisubiri njia ifunguke.

Mwisho wa njia ni Ujiji, na hapo wageni wengi huchanganyikiwa. Wamesoma kwamba Stanley alimkuta Livingstone kwenye mji wa ufukweni, wanafika kwenye mnara wa kumbukumbu na miembe yake, wanatazama huku na huku: ziwa liko wapi? Liko mbali, chini kule, nyuma ya nyumba na mashamba. Wengine huhitimisha kwamba mnara umewekwa pasipo pake.

Kilichohama ni maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Wakati wa Burton na Livingstone mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na magugu, ziwa likawa linajaa tu. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi, Lukuga ikaanza kutiririka, na ndani ya miaka michache ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufuko wa Ujiji ni wa mteremko mdogo, kwa hiyo kila mita iliyoshuka iliacha uwanja mpana wa mchanga na tope. Mitumbwi ikalazimika kusimama mbali zaidi. Wajerumani walipotafuta pa kumalizia reli yao walihitaji maji ya kina karibu na nchi kavu, wakayapata Kigoma, kilomita chache kaskazini. Anayeshuka treni Kigoma leo na kutaka kufika pale misafara ilipokuwa ikitua mizigo hupanda daladala ya Ujiji, kisha anatembea kidogo.